Mwenye Jina la Koplo

Watu wa Minnesota wana namna yao ya kugawana vitu vya mzee, na Nestor alipoiona mara ya kwanza alikimbilia jikoni kucheka. Hawakai kikao, hawaiti wajomba, hakuna anayepandisha sauti. Wananunua stika za duara dukani, kila mtoto na rangi yake, halafu wanazunguka nyumba nzima kimya kimya wanabandika. Susan alikuwa na za njano. Kaka yake, Alfred, alikuwa na za bluu. Na mama mwenyewe, Margaret, miaka sabini na sita, hajafa, haumwi chochote zaidi ya magoti, amekaa dirishani anaangalia makabati yake yanavyoota vipele.

"Hata kiti hiki nilichokalia kina stika," alimwambia Nestor. "Nashangaa hawajanibandika na mimi."

"Wakikubandika nitakubandua, Mama Margaret."

Margaret alikuwa amemkataza mara kumi asimwite Mama, akachoka. Nestor alimwambia waziwazi kwamba mdomo wake hauwezi kumwita mtu wa umri ule jina tupu kama anaita mbuzi. Basi ikabaki hivyo.

Margaret alikuwa Mwingereza. Aliletwa Saint Paul kwa meli na treni mwaka 1946, yeye na mabibi harusi wengine wa wanajeshi wa Kimarekani, na sasa ilikuwa 1997 na bado alikuwa anakunywa chai ya maziwa na kuwasema Wamarekani kana kwamba amekuja kusalimia tu, wiki ijayo anaondoka. Mumewe, mzee Jeremiah, alikuwa ameshafariki miaka minne. Ngazi za nyumba zilikuwa zimemshinda. Mwisho wa Oktoba angehamia nyumba ya wazee kule Roseville, chumba kimoja na dirisha moja, ndiyo maana ya hizo stika.

Na Nestor? Nestor alikuwa kijana wa Machame, miaka ishirini na tatu, aliyeacha shule kidato cha pili kwa sababu, alivyosema mwenyewe, alichoka kukaa. Alimfuata Marekani dada yake Haika, aliyekuwa anasoma chuo kikuu, wakawa wanakaa pamoja apatimenti moja mtaa wa Phillips. Tangu Machi kazi yake ilikuwa kwa Margaret: kupika, kufua, kukumbusha dawa, kumshika mkono kwenye ngazi. Kazi aliifanya vizuri. Ila mdomo wake haukuwa na breki.

Alhamisi moja Margaret akamwambia afungue droo ya cherehani, ile ya chini kabisa.

"Kuna bahasha nyuma ya nyuzi. Niletee."

Bahasha ilikuwa nzito kuliko inavyoonekana. Margaret akaimimina mapajani. Zikatoka nishani tano: tatu nyota za shaba zenye pembe sita, na mbili za duara. Moja ya zile za duara ilikuwa ya fedha, imekuwa nyeusi kwa kukaa, ina kichwa cha mfalme upande mmoja na upande wa pili maneno ya Kiingereza yanayosema ushujaa vitani. Utepe wake wa buluu nzito una mistari myeupe na myekundu katikati, na juu ya utepe kimeshikizwa kipande chembamba cha fedha kama kijiti.

Nestor akaigeuza. Ukingoni kulichorwa namba ndefu, halafu Koplo, halafu herufi A, halafu jina la ukoo ambalo hakuweza kulitamka.

"Nani huyu?"

"Mume wangu."

"Si mzee Jeremiah alikuwa Mmarekani?"

"Mume wangu wa kwanza, Nestor."

Nestor akavuta stuli, akakaa. Chai ikapoa.

Huyo mume wa kwanza alikuwa mwoka mikate. Vita ilipokuja akaingia jeshi la miguu, akawa koplo. Kule Tunisia walikwama bondeni, kuna bombomu, bunduki ya rashasha, inawapiga kutoka kwenye mawe, na yeye akatambaa kwa tumbo peke yake mpaka akaifikia, akainyamazisha. Ndiyo hiyo nishani. Mwaka uliofuata, Italia, kikosi kilivuka mto usiku kikaacha majeruhi ng'ambo. Akarudi majini mara tatu, kila mara anarudi na mtu mgongoni. Mara ya pili hawatoi nishani nyingine, wanakuongezea hicho kijiti juu ya utepe.

"Kwa hiyo alikufa mara ya nne," Nestor akasema.

"Hapana. Alikufa siku kumi na tisa baadaye, asubuhi, ananyoa ndevu. Kombora likaanguka pale aliposimama." Margaret akakigusa kile kijiti. "Shujaa mara mbili, amekufa na povu la sabuni shavuni. Kijiti hicho aliniletea mtu wa posta, nikasaini."

"Na hii ndiyo nishani kubwa kuliko zote?"

"Hii ni ya askari wa chini. Maofisa walikuwa na ya kwao."

"Heee! Hata ushujaa una daraja la kwanza na la tatu, kama treni?"

"Uingereza hata chai ina daraja," alisema Margaret, na wakacheka wote wawili.

Kisha Nestor akauliza swali ambalo kwao mtu lazima aulize. "Aliacha mtoto?"

"Hatukuwahi. Kwenye ndoa nzima tulikaa pamoja siku kumi na moja."

"Aliitwa nani?"

Margaret aliangalia dirishani. "Alfred."

Nestor akapiga paja. "Basi hajapotea! Jina limepata mtu."

"Jina, ndiyo," Margaret alisema, sauti ndogo kabisa. Halafu akaanza kuzirudisha nishani kwenye bahasha, moja moja. Alikuwa ameshaandikiana na jumba la makumbusho la kikosi cha koplo kule Uingereza. Wamekubali kuzipokea. Akamwomba Nestor atafute boksi dogo, aandike anwani, na Jumatatu azipeleke posta.

Basi. Hakusema neno lingine. Na hapo ndipo kosa lilipozaliwa, kwa sababu Margaret alidhani mtu yeyote mwenye akili ataelewa kwamba kitu kinachokaa miaka hamsini nyuma ya nyuzi za cherehani kimefichwa. Na Nestor hakuelewa, kwa sababu kichwani mwake jina la mtu haliwezi kufichwa. Utalifichaje? Kwao yeye alipewa jina la babu yake mzaa baba, Ndekirwa, na tangu ananyonya alikuwa anaambiwa. Bibi yake alikuwa anamwita "mume wangu" mbele za watu. Alimgombeza kwa makosa ambayo babu aliyafanya kabla Nestor hajazaliwa: "Wewe ndiye uliyeniacha sokoni na mvua!" na Nestor, miaka minne, anaomba msamaha. Siku walipotaka kumpa baba mdogo koti la babu la jeshi, walimtoa darasani, akaja na vumbi la chaki mikononi, akalishika, ndipo likatoka. Kitu cha marehemu hakivuki kizingiti kabla mwenye jina lake hajakigusa. Ndivyo ilivyo kwa kina Nestor. Alijua Wazungu wana mambo yao, lakini hili hakuwahi kulifikiria kama jambo la kabila. Alilifikiria kama kula, jambo la watu wote.

Jumamosi Alfred alikuja na pikapu kuchukua kabati la droo la ghorofani. Miaka arobaini na nane, mwili mkubwa, muuza mazulia, mtu wa maneno machache. Alimsalimia mama yake kwa kumgusa bega, akakunja mikono ya shati.

Nestor alikuwa na boksi mezani, limeshafungwa kwa utepe wa gundi pande tatu.

"Kabla sijafunga upande wa mwisho," akamwambia, "njoo ushike kwanza."

"Nishike nini?"

"Nishani. Zinakwenda Uingereza Jumatatu. Wewe ndiye mwenye jina, haziwezi kuondoka hivihivi. Mama Margaret amesema zikakae makumbusho, lakini kama hujaridhia sema sasa hivi."

Alfred alimwangalia Nestor, akaliangalia boksi. "Mwenye jina gani?"

"La koplo. Mume wa kwanza wa mama. Si ndiye uliyepewa jina lake?"

Nestor anasema mpaka leo kwamba alisikia friji ikizima. Alfred akageuka taratibu kumtazama mama yake. Margaret alikuwa ameshika mikono ya kiti, midomo imemkauka.

"Ni jina la mjomba wako," Alfred alisema, kama mtu anayesoma. "Uliniambia ni jina la mjomba wako aliyekuwa na farasi."

Margaret aliinamisha kichwa.

Alfred akashusha mikono ya shati, akafunga vifungo, akatoka. Alikaa ndani ya pikapu nje ya nyumba kama robo saa bila kuwasha. Halafu akawasha. Kabati halikuchukuliwa.

"Mama Margaret..."

"Nenda nyumbani, Nestor."

"Mimi nilidhani..."

"Nenda nyumbani."

Basi la Lake Street lilikuwa na watu watatu. Nestor alikaa nyuma, kichwa kwenye kioo, na alichokuwa nacho moyoni ni hasira kuliko majuto. Mtu mzima, mvi zinaanza, hajui jina lake limetoka wapi! Si ni kama kumwacha mtoto atembee uchi?

Haika alimsikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi, vitabu vimejaa meza ya kulia.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Wewe Nestor, mdomo wako siku moja utauona umekutangulia mahakamani."

"Nimekosea nini sasa, dada? Niambie! Nimesema uongo?"

"Nani kakutuma useme ukweli? Ulimwuliza yule mama?"

"Mambo ya jina mtu anauliza?"

"Ngoja. Tulia, mdogo wangu, unielewe." Haika akaweka kalamu chini. "Tuchukue ni kwetu. Mama ameolewa, mume amekufa. Ameolewa tena na bwana mwingine, ukoo mwingine kabisa. Amezaa mtoto wa kiume, wa kwanza. Mtoto anapewa jina la nani?"

"La babu yake. Baba mzazi wa huyo bwana wa pili."

"Eeh. Yule mama akisema hapana, naweka jina la mume wangu wa kwanza?"

Kichwani Nestor alimwona baba yake mkubwa akisimama kwenye kikao cha ukoo, fimbo mkononi. Aliwaona mashangazi.

"Wangemrudisha kwao," alisema.

"Na mtoto wake mgongoni. Sasa wewe unafikiri umefika pale na mila yako, kumbe hata kwenye mila yako jambo hilo halina mlango. Yule mama alilifanya peke yake. Alimwiba marehemu akamwingiza kwenye nyumba ya mtu mwingine, akakaa kimya miaka hamsini ili asitolewe." Haika akachukua kalamu yake. "Na wewe umemtoa kwa gundi na boksi."

Hapo ndipo majuto yalipomshika. Jumapili nzima alikaa anamfikiria yule mwanamke wa miaka ishirini na saba au nane, hospitali ya ugenini, hana mama, hana dada, hana hata jirani anayejua kuchemsha chai, amebeba mtoto na anaambiwa ataje jina. Alfred wa mikate alitambaa kwa tumbo kwenda kwenye bombomu, akapewa nishani ya fedha. Yule mama alitaja jina. Nani angempa nini?

Jumatatu alikwenda kazini akijua huenda funguo zitakataa. Hazikukataa. Margaret alikuwa mezani, amevaa, nywele zimechanwa, boksi limefungwa pande zote nne.

"Hajapiga simu," alisema. "Jumamosi hakupiga, jana hakupiga. Susan amesema hata kwake hapokei. Zipeleke posta, Nestor. Nimepoteza Alfred mmoja, nisije nikapoteza na wa pili kwa ajili yake."

"Nisamehe, Mama Margaret. Sikujua ulikuwa umemficha."

"Sikuwa nimemficha," alisema kwa ukali, kisha akatikisa kichwa. "Nilikuwa nimemficha. Nilitaka tu niwe naliita. Unaelewa? Kila siku, mara ishirini kwa siku. Alfred kula. Alfred vaa koti. Hakuna mtu angenizuia kuliita."

Nestor akavaa koti, akabeba boksi kwapani, akafungua mlango wa mbele.

Alfred alikuwa amesimama kwenye ngazi. Hajanyoa. Hakuwa amebonyeza kengele, na ilionekana amesimama pale muda.

"Hizo ndizo?"

"Ndizo. Zinakwenda posta."

"Nipe."

Nestor alimpa. Angefanya nini? Wakaingia ndani wote wawili. Alfred hakukaa. Aliweka boksi mezani mbele ya mama yake, akaweka mikono yake miwili juu ya boksi.

"Nina swali moja tu. Baba alijua?"

"Alijua," Margaret alisema. "Nilimwambia palepale hospitali, siku uliyozaliwa. Sikumwambia kabla kwa sababu niliogopa. Alitoka nje, akavuta sigara mbili, nilimwona dirishani. Akarudi akasema: mpe hilo jina, lakini mtu mwenyewe asiingie nyumbani kwangu. Akasaini cheti. Hatukuzungumza tena. Ya mjomba na farasi niliitunga mimi."

Alfred alipumua kama mtu aliyetua mzigo, au aliyeubeba, Nestor hakujua.

"Ndiyo maana," alisema.

"Ndiyo maana nini?"

"Hukuwahi kusikia? Susan, baba alimwita Susan. Mimi aliniita Kijana. Kijana lete nyundo. Kijana, gari limewaka? Siku ya harusi yangu alisimama na glasi akasema, namtakia heri huyu Kijana. Hata hospitalini mwisho kabisa, amenishika mkono, Kijana. Mama, miaka yote nilidhani hanipendi vya kutosha kunitaja."

Margaret aliweka mkono mdomoni.

"Alikupenda," alisema. "Jina ndilo lililomkwama."

"Ungeniambia."

"Ningekwambia."

Hawakukumbatiana. Nestor alitegemea watakumbatiana, maana kwenye televisheni yao wanakumbatiana kwa kila kitu, lakini hawa walibaki tu walipo, boksi katikati. Hatimaye Alfred akatoa kisu kidogo mfukoni, akakata gundi. Akazitoa moja moja, akazipanga. Ile ya fedha akaipeleka mwangani, akasoma ukingo, midomo inacheza.

"Alikuwaje?"

"Mfupi. Mikono imeungua kwa tanuri. Mwoga."

"Mwoga?"

"Wa mbwa. Wa kupanda ngazi ndefu. Wa mama yangu, alikuwa anatetemeka kabisa. Walipoleta habari ya Tunisia nilidhani wamekosea mtu."

Kitu kama kicheko kikamtoka Alfred. "Mimi nauza mazulia, mama."

"Najua unauza mazulia. Mbona unasema kama unaungama?"

"Sitazitundika. Ukutani kwangu kuna picha ya baba, na nikiziweka pembeni yake nitakuwa nimemwingiza yule mtu nyumbani kwake kwa nguvu."

"Sikukuambia uzitundike."

"Lakini posta haziendi."

Margaret aliitikia kwa kichwa, na machozi yakamtoka sasa, polepole, bila sauti, na wala hakuyafuta. Alikuwa ameshayazuia muda mrefu, acha yapite.

Alfred akamgeukia Nestor. Nestor alikuwa amesimama karibu na jiko na koti lake mwilini, anajaribu kuonekana kama sufuria.

"Wewe. Mambo haya wewe ndiye unayeyajua. Kwenu, mwenye jina anafanya nini?"

Nestor alifikiri. Angeweza kumweleza koti, kizingiti, bibi yake na mvua ya sokoni. Angeweza kuongeza chumvi. Alimwona yule mtu mzima na ndevu zake za siku mbili, anangoja jibu kama mtoto.

"Hafanyi kitu," alisema. "Hakuna kazi. Anaitwa, anaitika. Basi."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Ni ngumu kuliko unavyofikiri."

Alfred akaziokota nishani zote tano kwa kiganja kimoja, akazitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Shati likaning'inia upande. Kisha akamwambia Nestor avue koti, kabati la ghorofani halitajibeba.

Lilikuwa kabati la mti mzito, la zamani, droo zake hawakuzitoa kwa sababu wote wawili walikuwa wabishi. Alfred alitangulia chini, kinyumenyume, Nestor akashika juu. Kwa kila ngazi, mle mfukoni mlilia, fedha na shaba zinagongana. Kwenye kona wakakwama.

Margaret alijikokota mpaka mlango wa sebule, ameshika ukuta.

"Alfred!" akaita. Sauti ilikuwa kubwa kuliko Nestor alivyowahi kuisikia tangu Machi.

"Naam, mama."

"Angalia huo mguu wa nyuma, utakwaruza ukuta."

"Nauona, mama," Alfred aliitika, jasho linamtiririka. Wakainua, wakageuza, na ukuta wakaukwaruza vilevile.